Gari la Kushonewa

Ndugu yangu Idwal aliuza malisho ya juu,
yale yenye kisima na ukuta wa mawe alioujenga babu,
akaagiza gari.

Si lile la kukuta dirishani, bei kwenye kioo.
La kushonewa, kama suti ya bwana harusi,
naye ana miaka sitini na minane
na hajawahi kuwa na mchumba.

Mali bila daftari, husema, huisha bila habari.
Daftari alikuwa nalo. Kurasa arobaini za maswali
kutoka karakana moja huko Lincolnshire,
naye akajibu kwa penseli, ulimi nje kama mtoto:
Ngozi, rangi ya chai kavu.
Redio, hapana.
Paa, hapana.
"Na mvua?" nikamuuliza, maana huku Wales
mvua si habari, ni jirani.
"Mvua inanijua," akasema.

Miaka arobaini alirekebisha vinanda vya makanisa,
filimbi moja baada ya nyingine, sikio kwenye bati la baridi.
Jumapili wengine walipoimba
yeye alikuwa amelala, viatu miguuni.

Kupimwa nilimpeleka mimi,
nimenuna saa tano, Bala hadi huko.
Fundi ni mwanamke, Hester Ogle, mikono ya mwokaji.
Akapima mgongo, paja, unyayo,
akapima mguu wa kushoto uliofupishwa na ngazi ya kanisa la Corwen.
Kisha akamkalisha juu ya mfuko wa povu la moto,
akaniambia, "Asicheke."
Povu likapanda taratibu, likaganda,
likaukubali ule uti wa mgongo
ambao hospitali iliutaja kwa lawama tu.
Alipoinuka, umbo lake lilibaki kitini.
Nikageuka, nikajidai natazama spana.

Miezi kumi na tisa.
Picha zikaja kwa posta: fremu tupu,
mbavu za kondoo aliyefia thelujini.
Hapa kisima, nikawaza. Hapa ukuta.
Uzito, kilo mia sita.
Nguvu, farasi mia tatu,
na malisho hatuna.

Siku moja Hester akapiga simu, Idwal yuko bandani.
"Kuna kisanduku mmeacha wazi.
Kiti cha pili: kiwepo, kisiwepo?"
Nikasikia saa ya ukutani. Nikasikia birika.
"Kiwepo."
"Kwa vipimo vya nani?"

Nikataja nyonga zangu kwa mgeni, kwenye simu,
mimi ambaye hata daktari humpunguzia.

Lilishushwa Aprili, kijani cha chupa ya dawa,
chini kiasi kwamba paka alilitazama kwa kulishusha jicho.
Idwal akakiona kiti. Akakishika mgongo.
Hakuuliza. Akanirushia miwani.

Kuingia ni kazi: mguu, kisha mwingine,
kisha heshima yote unaiacha nje.
Halafu akawasha,
na kitu kikanguruma chini ya makalio yangu
ambacho sikukijua jina.

Gia ya pili, shingo ikabaki nyuma.
Ya tatu, machozi yakakimbilia masikioni.
Mdudu akanigonga jino.
Kondoo walipoinua vichwa, sisi tulikuwa habari ya jana.
Kona ilikuja kama kofi,
naye akaipokea kwa vidole viwili, polepole,
kama mtu anayebonyeza noti ya chini kabisa
wakati kanisa ni tupu.

Malisho yetu yakapita kulia.
Nilikuwa nimejiandaa kuumia.
Nikageuza uso: ukuta wa babu
ulikuwa mstari mmoja wa kijivu,
sikuwahi hata kuhesabu jiwe.

Juu kileleni akazima.
Chuma kikalia tik, tik, kikipoa.
"Umesikia?" akasema. "Silinda ya tatu.
Imeshuka. Unywele tu."

Mimi nilikuwa nimesikia moyo wangu, basi.
Nikaifuta miwani kwa pindo la sketi.

"Rudia," nikasema. "Nisikilize vizuri."